Mwalimu Maritim, Pijo Lake, na Mashine Iliyo kwa Chifu

Ni nani kati yenu, nyinyi mliokaa chini ya tenti hii na nyinyi mliosimama kule kwa fensi mkijifanya mmekosa viti, ni nani ambaye hajawahi kusukuma gari la Mwalimu? Ainue mkono tumwone. Nimengoja, sioni mkono, hata kwa meza ya wageni waheshimiwa mikono imetulia juu ya mapaja, na ni vizuri ikae hapo, kwa sababu kuna mmoja wao angeinua ningemkumbusha kona ya Silibwet, matope ya mwezi wa tano, na viatu vyake vipya vya ngozi.

Basi sote ni familia. Wachungaji wetu, Bwana Chifu na wazee wako, walimu, wazee wa kokwet, akina mama wa chama, jamaa kutoka Kapsoit na wakwe zetu kutoka Kericho mjini, chamgei. Mimi ni Chepchirchir, kifungua mimba wa marehemu, wengine mnanijua kama yule wa kwa Mwalimu aliye na digrii na bado anatafuta, na kamati imenipa kazi ya kusoma historia ya baba, which is my first appointment tangu nigraduate, kwa hivyo nitaifanya kikamilifu. MC ameniambia nina dakika kumi. Asante MC, tutaongea baadaye.

Marehemu Mwalimu Nicholas Kipng'eno arap Maritim alizaliwa tarehe 14 Machi 1943, karibu na Kapsoit, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kimaritim arap Soi na Kogo Tabutany, bibi yetu, ambaye tuko naye hapa mbele, amekaa kwa kiti cha mbao alichobeba kutoka nyumbani kwa sababu haamini plastiki. Babu alikuwa akitunza maua kwa nyumba ya meneja mmoja mzungu wa shamba la majani chai, na nyuma ya nyumba ile palikuwa na shimo la takataka, na ndani ya shimo hilo, mwaka wa 1950, mtoto Kipng'eno akaokota lori la kuchezea, la chuma, jekundu, limekosa gurudumu moja la mbele. Mtoto wa mzungu aliona limeharibika. Baba aliona limebakisha magurudumu. Akatia kifuniko cha soda mahali palipokosa, likatembea, na lori hilo ndilo hili hapa mezani kando ya picha yake, rangi imebaki kidogo kwa mlango, kifuniko ni kile kile. Kogo aliniambia jana niandike maneno yake vile alivyosema, na yako hivi: “Hiyo kari nilitupa, nikatupa tena, ikarudi nyumbani kuliko ng'ombe.”

Kwa kuwa tumetaja meza, mtazame vizuri. Kuna lori, kuna kengele za baiskeli, kuna magari ya waya yenye magurudumu ya patipati, kuna mkebe wa bolti, na katikati ya kitambaa kuna nafasi imeachwa wazi. Waliopamba hawajakosea. Tutafika hapo.

Alianza masomo mwaka wa 1951 katika shule ya misheni, akaenda na lori lake ndani ya shati, na mwalimu wa darasa akamnyang'anya, akalifungia kabatini, na baba akalia muhula mzima akijua limekwenda. Siku ya kufunga shule mwalimu yule akamwita mbele, akamrudishia lori mkononi, likiwa limefutwa vumbi. Kisa hiki baba alikisimulia kuliko visa vya Biblia, wachungaji mnisamehe, na akakifanya sheria ya maisha yake, kwamba mkubwa ana ruhusa ya kunyang'anya mtoto kitu, lakini siku ya kufunga lazima arudishe.

Mwaka wa 1958 alipitia tumdo, jando letu, pamoja na rika lake, na desturi yetu inajulikana, ukitoka huko utoto umeuacha, hurudi kwa michezo wala huulizi. Baba aliacha utoto karibu wote. Wenzake wa rika, ambao naona wanacheka pale nyuma ya kofia zao, walimkuta wiki ile ile amechuchumaa akipaka lori mafuta, wakamuuliza yeye ni mwanaume wa aina gani, naye akawajibu, “Mwanaume mwenye lori. Nyinyi lori zenu ziko wapi?”

Alifanya mtihani wa KAPE mwaka wa 1959, akapita, akajiunga na chuo cha ualimu Kericho mwaka wa 1962, akamaliza Novemba 1963, na Jumatatu tarehe 6 Januari 1964 akashika chaki karibu na Sotik. Msikize hapo tena, alimaliza Novemba, akaanza kazi Januari. Siongezi kitu, kamati ilinikataza siasa.

Kutoka Sotik alihamia Longisa mwaka wa 1970, kisha mwaka wa 1979 akaletwa hapa Shule ya Msingi ya Kaplelmet, akawa naibu wa mwalimu mkuu kuanzia 1985 mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi mwaka huu wa 1998. Wengi wenu mlipita mikononi mwake, na wengi wenu aliwanyang'anya gari zenu za waya mkiwa mnaziendesha chini ya dawati wakati wa hesabu, lakini mtakubali kwamba siku ya kufunga shule aliwaita mmoja mmoja na kuwarudishia, tena stelingi ikiwa imenyooshwa na magurudumu yamebadilishwa, hata kuna watundu waliokuwa wakileta gari bovu darasani kimakusudi ili linyang'anywe. Haya yaliyo mezani si ya kunyang'anywa. Yaliachwa na wenyewe wakienda sekondari, walikuja na kusema, “Mwalimu, kaa nayo, mimi sasa ni mkubwa,” na baba akawahurumia kwa kuwa wakubwa, akakaa nayo.

Tarehe 6 Desemba 1969, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mama yetu, Jecinta Muthoni, binti wa marehemu mzee Irungu aliyekuwa na duka la baiskeli na spea pale Kericho mjini. Mapenzi yao yalianza kwa kaunta. Baba aliingia akanunua kengele ya baiskeli, wiki iliyofuata akanunua nyingine, mwisho wa mwezi akaja kwa nyingine yenye maua, mpaka mzee Irungu akamuita kando ya duka na kumuuliza, “Kijana, kengele ninaona, baiskeli iko wapi?” Baiskeli haikuweko. Mama anasema alijua tangu ya pili, lakini biashara ilikuwa mbaya mwezi huo, akamwacha anunue. Wazee wa pande zote mbili walinung'unika kidogo, huyu anaoa Mkikuyu, huyu anaolewa na Mkipsigis, wakanung'unika mpaka chakula kikaletwa, wakaacha. Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi Chepchirchir mwaka wa 1971, Chemutai mwaka wa 1974 ambaye ni nesi, na Irungu Kipkorir mwaka wa 1978, na kama mmeona huyo wa mwisho ana jina la kila upande, ndiyo siasa ya nyumba yetu, imeisha hapo.

Mwaka wa 1983 injinia mmoja mzungu wa mashamba ya majani, akiwa anarudi kwao, alimuuzia baba Pijo 404, station wagon, rangi ya maziwa. Tuseme ukweli mbele ya jeneza, baba hakuwa fundi. Alikuwa mpenzi wa ufundi, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Alikuwa na kitabu cha gari hilo kilichoandikwa kwa Kifaransa, hakujua neno hata moja, alitazama picha, na kila likizo aliifungua injini yote na kuitandaza kwa gunia pale nje, akairudisha, na kila akirudisha alibaki na bolti mkononi. Hakushtuka. Alizitia kwa mkebe huu mnaouona na kusema, “Hawa Wafaransa waliweka bolti nyingi kwa sababu ya uoga.” Rafiki yake mpenzi, fundi Wachira wa Kapsoit, ambaye ni fundi wa kweli, alimjibu maneno ambayo tumeyaweka kwa ukumbusho wa familia, “Mwalimu, hiyo uoga ndiyo inashika gurudumu.”

Sasa tuje kwa ile siku ambayo wengine mnaisubiri. Jumamosi tarehe 17 Agosti 1991 baba aliamua kuishusha injini, akatafuta mahali pa kuitundika, akaona hakuna boriti imara Kaplelmet nzima isipokuwa ile ya buying centre, ile ile inayotundikwa mizani ya majani, na kwa kuwa wikendi hiyo majani hayakuwa yanapimwa, yeye na Wachira waliitundika injini hapo kwa mnyororo, ikalala hapo ikidondosha oili mpaka Jumapili jioni. Walipangusa sakafu kwa machujo ya mbao, wakaona imekuwa safi. Mtu wa shule alisahau jambo ambalo kila mtoto wa hapa analijua kabla ya kujua kusoma, kwamba jani la chai hubeba harufu ya kila kitu kilicho karibu nalo, sabuni, kitunguu, moshi, ndio maana hata hatupaki mafuta mikononi asubuhi tukienda kuchuma. Jumatatu karani wa majani, ndugu Bogonko, akapima kama kawaida, majani yakalala kwa ile sakafu, lori likabeba, na jioni lori likarudi na mzigo wote wa Kaplelmet, kiwanda kimekataa. Bogonko akasimama na kusema, “Watu wangu, wanasema hii si chai, hii ni gereji.” Kogo alichukua kikapu chake akanusa, akatangaza mpaka ng'ambo ya mto, “Majani yangu inanuka kari ya Kipng'eno.”

Wazee wa kokwet, majirani wote wa boma na boma, waliitana kesho yake chini kwa malisho, wakakaa kwa duara mchana kweupe, kila mtu akasikia shtaka, kila mtu akaongea, na baba akasimama katikati na tai yake ya shule na kusema kosa ni lake. Angalieni utaratibu huo, mtauhitaji baadaye. Hawakumtoza ng'ombe wala mbuzi. Mzee arap Bii, Mungu amrehemu, alikata kesi hivi, “Kipng'eno, umetuharibia Jumatatu. Kuanzia leo hiyo gari ni yako usiku na ni ya kokwet mchana na usiku. Mgonjwa akiita, unaenda. Mama akishikwa na uchungu, unaenda.” Baba akauliza, “Na ikikataa kuwaka?” Mzee akatazama watu wote mmoja mmoja, akasema, “Si tuko na mikono.”

Hapo ndipo kusukuma kulizaliwa. Haikuwa huruma, ilikuwa hukumu, tena ya pande zote mbili. Pijo hilo limebeba wagonjwa wenu mpaka Longisa, limebeba wazazi, na mwaka wa 1992 msichana mmoja hakungoja hospitali, alizaliwa kwa kiti cha nyuma pale darajani, akaitwa Chepkarit, yaani wa gari, na namwona pale na sweta ya kijani, Chepkarit kaa vizuri. Mwaka huo huo nchi ilichafuka na watu wakaanza kuulizana majina barabarani, babu Irungu alikaa kwetu muda, akalala katika chumba cha vitu vya baba kati ya kengele alizomuuzia mwenyewe, na vijana wa hapa waliopita langoni jioni hawakumuuliza jina, walimuuliza, “Guka, gari inasukumwa kesho ama hapana?” Nawashukuru leo kwa sababu siku ile hakuna aliyewashukuru.

Sasa mimi. Tarehe 9 Desemba 1994 nilivaa joho huko Nairobi, Bachelor of Arts, second class upper, baba na mama wakaja, na baada ya picha baba akasema nimngoje kidogo, akapotea kuelekea mjini, akarudi na boksi limefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Nikajua ni briefcase ya kazi. Nilibeba boksi hilo kwa mapaja mpaka Kaplelmet nikiwa nimenyoosha mgongo kama permanent secretary. Tulipofika akafungua mwenyewe, na ndani hakukuwa na briefcase, kulikuwa na mashine ya gemu, ya kijivu, ya kuunganisha kwa TV, na controller mbili. Nikauliza, “Baba, hii ni ya nini?” Akasema, “Kazi itakuja, Chepchirchir. Kwa sasa shika hii ya pili, huwezi kucheza peke yako.” Niwaambie ukweli, wale wengine wote walioniambia kazi itakuja hawakunipa hata kitu cha kushika.

Umeme hatukuwa nao na bado hatuna, nyaya zinapita juu ya majani yetu zikienda kwa wenyewe, kwa hivyo baba alitoa betri kwa Pijo, akaunganisha TV ndogo, akachomelea adaptor yake kwa mkono, ile inayoshika moto ukiisahau, na kila Jumamosi baada ya kuchuma lagok, watoto wa Kaplelmet, walijaa chumba kile cha vitu vya baba, wanatazama magari, wanapiga kengele, wanangoja zamu yao ya gari dogo linaloruka madaraja yaliyokatika. Betri ikiisha nguvu kwa gemu, gari haliwaki Jumapili kwenda kanisani, basi baba akaweka kiingilio kimoja tu, ukicheza, unasukuma. Hakuna mtoto aliyetoroka kiingilio hicho. Hata wazazi waliokuja kuwatafuta watoto walibaki wakitazama, wakaanza na “ngoja nione hii moja,” na Jumapili asubuhi nikawaona mlimani wamevua koti wakisukuma. Majina ninayo, sitayataja, mimi si mbaya hivyo.

Jumamosi tarehe 12 Julai 1997 Chifu wetu alikuja na askari wawili wa utawala akakuta watoto kumi na wawili na mwenye digrii mmoja, akasema huo ni mkutano usio na kibali, wakati huo nchi ilikuwa moto na kila kikundi cha watu kilikuwa cha kuangaliwa, nakubali. Aliambiwa mkubwa wa mkutano ana miaka kumi na moja. Akasema hata hivyo. Mashine ikafungwa kwa gunia, na adaptor yake, ikapelekwa ofisini kama kielelezo cha kesi. Baba hakubishana. Alimwambia kwa heshima, “Sawa, Chifu. Siku ya kufunga utanirudishia.” Alifikiri anaongea na mwalimu mwenzake.

Kesi haikuandikwa. Mwisho wa mwaka huo huo Bunge likafuta mambo ya vibali, tukasoma kwa gazeti, lakini inaonekana gazeti hilo halikufika Kaplelmet. Kila Ijumaa baba alivaa tai akaenda ofisini, akaambiwa Chifu ako kwa mkutano, akaambiwa kuja kesho, akaambiwa faili iko juu. Kuja kesho nayajua, nimeambiwa hayo maneno na kila ofisi kutoka Kericho mpaka Nairobi, lakini mimi nilikuwa nikiomba kitu cha watu. Baba alikuwa akiomba chake. Na chumba kilifungwa, na Jumamosi watoto walikuja mpaka langoni, wakamtazama, yeye akatingisha kichwa, wakarudi. Wengine walisukuma gari bila kucheza, kwa mkopo.

Ugonjwa wa sukari ulikuwa naye tangu 1993, na mwezi wa pili mwaka huu miguu ikavimba, akawa mtu wa kitanda na kiti. Wageni wengi walikuja kumwona, na alasiri moja akaja Mama Celine, mke wa Chifu, na maziwa yake ya mursik kwa kibuyu, akasali vizuri, akanywa chai, akavuta kiti karibu, kisha akasema, mimi nikiwa nimeshika thermos pale pale, “Mwalimu, nisamehe tu. Ile daraja ya tatu, yenye imekatika sana, mtu anaruka aje?”

Mama yangu aliangalia dari. Baba hakuuliza daraja gani. Aliomba lori lake jekundu, akapanga vitabu viwili mezani na pengo katikati, akamshika Mama Celine mkono kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, akamwambia, “Unakanyaga mafuta mapema, ndio maana unaanguka. Ngoja gurudumu la mbele liguse ukingo, hapo ndio ukanyage.” Wakajaribu, wakajaribu tena, mpaka lori likavuka. Mgeni akiondoka, baba alisema kitu kimoja tu, “Mwambie mzee hiyo adaptor inashika moto, asiiache ikiwaka mkilala.” Mama aliruka, akamuuliza kwa nini hakudai mashine yake pale pale. Akasema, “Jecinta, huwezi kudai mtu akiwa katikati ya swali.” Mama Celine, najua unanisikia, sikuaibishi, wewe ndiye mtu pekee wa boma lile aliyekuja kuuliza kwa mdomo wake, na baba alifurahi, alilala akitabasamu, alisema hatimaye mtu mzima amemuuliza kitu cha maana.

Jumatano tarehe 3 Juni alizidiwa, majirani wakasukuma, Pijo likawaka pale kwa kanisa, akafikishwa hospitali ya Longisa, akahudumiwa kwa siku hizo zote kwa upendo, na Jumapili tarehe 14 Juni 1998, alfajiri, akatuacha, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Maneno yake ya mwisho kwangu hayakuwa ya urithi wala ya baraka. Aliuliza, “Watoto walikuja jana?” Nikasema walikuja. Ilikuwa kweli. Walikuja mpaka langoni.

Alhamisi iliyopita fundi Wachira alikuja na macho mekundu, akauchukua mkebe wa bolti, akaingia chini ya Pijo tangu asubuhi, akairudisha kila bolti mahali ambapo Wafaransa waliiweka, akabakisha tatu hizi za kumbukumbu ambazo anaapa si za gari hilo. Akafunga boneti, akageuza ufunguo, na kwa mara ya kwanza tangu 1983 gari likawaka kwa mguso mmoja, likanguruma kama paka. Mama akatoka jikoni, akasikiliza, akasema, “Wachira, zima. Toa betri. Huyu mtu hajawahi kufika nyumbani bila kusukumwa, na hataanza leo.” Ndio maana asubuhi hii, kutoka barabara ya lami mpaka hapa, mlisukuma, wazee na watoto na walimu, na baba ndani ya station wagon yake, na nikasikia mtu nyuma akilalamika kwamba Mwalimu amekuwa mzito, na mwingine akamwambia, “Sukuma, bwana, wewe ulicheza sana.”

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Longisa, walimu na wanafunzi wa Kaplelmet, kanisa, chama cha akina mama kwa sufuria na kwa maneno, ndugu Bogonko aliyesimamisha upimaji wa majani leo na kutuletea karatasi safi za kutandika, wakwe zetu wa Kericho, fundi Wachira ambaye hatuwezi kumlipa, na wazee wa kokwet waliojua kukata kesi mbele ya watu mchana kweupe. Kongoi mising.

Baba, umefika. Handbreki tumevuta, jiwe tumeweka nyuma ya gurudumu, hakuna anayekuita mlimani tena, tulia.

Sasa nafasi iliyo wazi mezani. Bwana Chifu, leo ni Jumamosi, siku ya mchezo, na Mwalimu amefunga shule yake yote, hakuna muhula mwingine. Hakuna mtu hapa anayetaka faili, barua wala maelezo, na hakuna anayekuja kesho. Kuna njia fupi kutoka hapa mpaka kwako, na kabla hatujabeba jeneza tuna muda, MC atatupa dakika. Lete mashine, na controller zote mbili, na adaptor, uiweke hapa kwa mkono wako kando ya lori, chumba kitafunguliwa jioni hii, na Mama Celine anakaribishwa wa kwanza, lakini kesho asubuhi atasukuma kama wengine. Mwalimu alikurudishia gari lako la waya mwaka wa 1970 pale Longisa, limenyooshwa stelingi, wewe mwenyewe ulinisimulia. Hii ndiyo siku ya kufunga, Chifu. Rudisha.